Hema la Mtu Mmoja

Mwalimu Ramadhani alizikwa kabla sijafika. Ndugu zetu Waislamu hawamkawizi maiti, na mimi kwa miguu yangu hii ya sasa, ambayo huanza safari leo ikafika kesho kutwa, nilishuka Kisii mjini nikakuta watu wamekwisha rudi kutoka makaburini na pilau inapakuliwa. Nikapewa mkeka, nikapewa sahani, nikabanwa ubavuni mwa Onchiri wa Keroka, ambaye tangu ujana alikuwa na sauti ya lori linalopanda mlima, na uzeeni akawa na malori yenyewe. Binti wa marehemu, mama mtu mzima mwenye wajukuu, akaja akaketi karibu nasi. "Wazee wangu," akasema, "ninyi mlimjua baba kabla sisi hatujazaliwa. Tuambieni lolote." Onchiri hakumeza hata tonge lililokuwa mdomoni. "Mama, sisi tulikuwa skauti wake! Hajawahi kukuambia ile ya mvua ya mawe?" Akaanza kuisimulia kwa mikono yote miwili, na wale waliokuwa na macho mekundu ya kulia wakaanza kucheka, kwanza kwa kuficha, kisha waziwazi. Mimi nilicheka kuliko wote. Mchele ulinipalia, nikagongwa mgongoni na vizazi vitatu. Lakini ndani ya kisa kile wanachokijua watu kuna kisa changu ambacho sijawahi kukitoa. Si siri. Ni kwamba hakichekeshi, na watu wameshanizoea kwa vichekesho. Hata kule shule ya usiku, nilikopata cheti changu nikiwa na mvi, mwalimu aliponiambia niandike insha juu ya maisha yangu, niliandika habari za fisi niliyempiga kofi.

Mwaka ninaousema ni ule uliofuata kutahiriwa kwangu. Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha, na wanaume waliorudi kutoka Burma walikuwa bado wanalima wamevaa makoti ya jeshi. Kwetu kijana akishatahiriwa halali tena nyumbani kwa mama yake. Anahamia saiga, yaani nyumba ya vijana, iliyo upande wa mbele wa boma, na kuanzia hapo anaitwa omomura, mwanamume kijana, mtu wa kuheshimiwa. Kuheshimiwa ni jambo zuri, nalipendekeza kwa kila mtu, ila halina joto. Saiga yetu ilijengwa kwa ajili ya vijana wengi. Ilikuwa na vitanda vya miti kuzunguka ukuta wote na katikati meko ya kuchoma ng'ombe mzima bila kumkunja miguu. Zamani kaka zangu walipolala humo kelele zao ziliwaamsha ndege. Lakini wakaoa mmoja mmoja, wakajenga kwao, na mwanzoni mwa mwaka ule yule wa mwisho, Mosoti, akaenda kuchuma majani katika mashamba ya chai ya Kericho. Nikarithi vitanda vyote. Kila jioni nilihamia kingine, nione kama kuna kimoja kisicho na upweke. Nilivijaribu vyote, hata kile kilichovunjika mguu.

Chakula changu kililetwa na dada yangu mdogo, Kemunto. Ulikuwa ugali wa wimbi ndani ya kikapu, mwekundu na mgumu, ungeweza kujengea kanisa, na pembeni chinsaga, ile mboga chungu ya kwetu, iliyochemshwa kwa maziwa hadi uchungu ukageuka utamu. Kemunto aliweka kikapu kizingitini, akagonga mara moja, akajiandaa kukimbia, kwa sababu watoto wenzake walimwambia kwamba kijana aliyetoka kutahiriwa hunuka kama simba.

"Kemunto, kaa kidogo."

"Mama ananiita."

"Hajakuita."

"Ataniita," akajibu, na vumbi likabaki mahali pake.

Nilikula nikitazama mlango. Kutoka saiga nilisikia nyumba ya mama, ng'ambo ya uwanja. Maneno hayakunifikia, yalifika mapando na mashuko yake tu. Sauti ya baba ilikuja taratibu, ikasimama, ikangoja, kisha kicheko cha wote kikalipuka. Nilijua alikuwa akisimulia. Baba alikuwa msimuliaji, na mimi nilikuwa nikikisia ni kisa kipi, kile cha karani aliyekaa juu ya siafu au kile cha shangazi na mbuzi wa kanisa. Walipocheka nami nilicheka, mdomo umejaa wimbi, nimechelewa kidogo nyuma yao. Mtu akinipita nje angedhani mle ndani mna mwenda wazimu. Mimi leo nina wajukuu wanaolala chumba kimoja wakigombania blanketi, na wanaponijia asubuhi wakilalamika kwamba hakuna nafasi, nawaambia wasogeane zaidi.

Baba huyo huyo, hadi mwaka uliotangulia, alikuwa akinitania toka alfajiri. Tulipochunga ng'ombe pamoja alisema kichwa changu ni kikubwa, mvua ikinyesha mifugo yote ijikinge chini yake na nafasi ibaki ya jirani. Sikujua kwamba utani ule ulikuwa na mwisho. Nilipotoka katika kutahiriwa, heshima ikaingia kati yetu, ile tunayoiita chinsoni. Baba hamtanii tena mwanawe. Kuna mengi hawayataji wakiwa pamoja. Na zaidi ya yote baba hakanyagi ndani ya nyumba anayolala mwanawe. Hata ikiwaka moto, baba mwenye adabu atasimama nje akipiga kelele kuwaita majirani. Kwa hiyo hakuna aliyenikosea, na hili ndilo lililonishinda kulieleza maisha yangu yote. Nilikuwa ninatendewa vizuri kabisa. Asubuhi tulikutana zizini.

"Omomura, umeamkaje?"

"Nimeamka salama, Tata." Tata ndiyo baba kwa lugha yetu.

"Vema."

Mazungumzo yakawa yamekwisha mpaka kesho.

Ndipo Mwalimu Ramadhani akaja shuleni kwetu, karibu na Nyaramba. Alikuwa mtoto wa maduka ya Kisii mjini, mtu mrefu mwenye kofia nyeupe Ijumaa na kofia ya skauti siku nyingine zote. Alikuwa amepigana Burma na alikuwa na filimbi iliyosikika hadi Uganda. Kiswahili chake kilitoka laini kama samli. Ekegusii, lugha yetu, alikizungumza kama mtu anayetembea juu ya mawe ya mto. Alitusimamisha mstari akasema ataanzisha skauti, na skauti hupika pamoja, huimba pamoja, na likizo ikifika huenda kulala kambini. Aliendelea kusema mengi juu ya uaminifu na usafi wa kucha, lakini mimi niliposikia kulala kambini, masikio yalifunga duka. Wenzangu walijiunga kwa sababu ya kaptula ya kaki. Mimi nilijiunga nipate watu wa kulala nao karibu. Nilikwenda kwa baba, nikamkuta anaziba pengo la ua, nikamwambia nataka kuwa skauti. Nilitumaini atakataa tubishane, au atakubali aniulize maswali. Alichomeka kijiti, akakikaza. "Wewe ni omomura sasa," akasema. "Uamuzi ni wako." Nikashukuru, nikaondoka na uamuzi wangu, mzito kama gunia.

Mwezi wa Agosti tukapanda kilima juu ya Nyaramba tukiimba. Mwalimu Ramadhani akatugawia vipande vya turubai la jeshi, kila kijana kipande chake na kamba zake. Nikadhani tutaviunganisha. "Kule Burma," akanguruma, "kila askari alibeba nyumba yake mgongoni! Kila mtu ataweka hema lake!"

Nikainua mkono. "Mwalimu, kwani hatulali pamoja?"

"Wewe ni mtoto?"

"Hapana, Mwalimu."

"Unaogopa fisi?"

"Fisi ndiye ananiogopa, Mwalimu."

"Basi mwanamume na hema lake!"

Wenzangu walishangilia hadi kunguru wakahama wilaya. Mwenye kelele kubwa alikuwa Onchiri, aliyekuwa akilala saiga moja na binamu wanaokoroma kama mashine ya kusaga, na kwake hema la mtu mmoja lilikuwa kama ikulu. Nililiweka langu mwisho wa mstari. Lilikuwa na upana wa mimi na urefu wa mimi, na mlango wa kitambaa unaofungwa kwa kamba. Nilikuwa nimepanda mlima mzima nikaikuta saiga yangu imenitangulia, imekuwa ndogo tu.

Lakini kulikuwa na jambo moja la kungojea. Siku ya mwisho ingekuwa Siku ya Jamaa. Akina mama wangeleta chakula, akina baba wangeangalia mashindano, halafu ungefika wakati wenyewe wa kuapishwa, na Mwalimu alikuwa na utaratibu wake aliousisitiza tangu siku ya kwanza shuleni. Skafu hafungi yeye. Kila baba angemfunga mwanawe skafu shingoni kwa mikono yake. Ambaye baba yake hatafika hataapishwa, atangoja kambi nyingine. Kwa wenzangu hilo lilikuwa suala la skafu. Mimi nilikuwa nimekwisha piga hesabu kwamba ili mtu akufunge kitu shingoni, sharti asimame karibu nawe, akuguse, na pengine aseme neno. Kabla ya kuondoka nyumbani nilimtuma mama ampelekee baba habari. Akarudi akifuta mikono.

"Amesema amesikia."

"Atakuja?"

"Mwanangu, amesema amesikia. Unataka nimpasue kichwa nitazame yaliyobaki?"

Niliishi na hilo neno kambini muda wote. Nililigeuza kama mtu anayechoma muhindi. Amesikia, basi atakuja. Amesikia, basi yatosha. Nikichota maji, amesikia. Nikijifunza mafundo ya kamba, amesikia.

Siku ilipofika, kilima kilijaa. Akina mama walipanda na vikapu na mitungi ya maziwa ya mgando, wakapiga kambi yao kwenye kibanda cha kupikia, wakaonja uji wetu na kusikitika kwa sauti. Akina baba walikuja na makoti yao, kofia zao na fimbo zao, wakasimama upande mmoja kama baraza. Kila aliyetokeza kwenye njia nilimtazama miguu kwanza, kwa kuwa baba hutupa mguu wa kushoto nje kidogo. Mashindano ya kuvuta kamba yakapita. Baba yake Onchiri, mzee mnene mwenye kicheko, alivuta ukoo mzima wa watu peke yake, au ndivyo ninavyokumbuka. Baba hayupo. Mwalimu akapuliza filimbi tujipange kwa ajili ya kuapishwa. Baba hayupo. Nikaanza kujifundisha sura ya mtu ambaye hajali, nikaona mguu wa kushoto unatupwa nje, chini kabisa njiani. Alikuwa amevaa kofia yake ya kanisani. Akafika, akasalimia wazee, akasimama mwisho wa safu yao. Hakunitazama. Heshima haimruhusu mtu kumkodolea macho kijana wake mbele ya watu. Nami sikumtazama, nikamwona tu kwa ngozi.

Mwalimu alikuwa amefungua mdomo kuanza hotuba mbingu zilipofungua wake. Anayejua mvua za kwetu za alasiri anajua kwamba hazibishi hodi, na hii ilikuja na mawe makubwa kama mayai ya bata, na mengine makubwa kama bata mwenyewe. Akina mama wakajaza kibanda cha kupikia hadi kikapasuka kwa vicheko. "Vijana mahemani!" Mwalimu akapiga kelele. "Na kila mzee aingie hemani kwa kijana wake! Tutaapishana humo humo!"

Sisi tukaingia. Akina baba hawakusogea hata mguu. Walisimama uwanjani, mawe yakilia kofiani mwao, wakitazama mahema kama watu walioonyeshwa chatu.

"Wazee, ingieni!"

Baba yake Onchiri akatoa Kiswahili chake cha sokoni. "Mwalimu, mimi naingia nyumba ya kijana yangu namna gani?"

"Mzee, hii si nyumba! Hii turubai!"

"Iko na mlango?"

"Iko, lakini..."

"Kijana analala ndani?"

"Analala, mzee wangu, lakini..."

"Basi ni nyumba. Ni kidogo, lakini ni nyumba."

"Mtauawa na mawe!"

"Tukiuawa, tutauawa na adabu yetu," mwingine akasema, na wote wakaitikia kwa kuguna.

Mwalimu Ramadhani, aliyewahi kupigwa mizinga bila kutikisika, alishika kichwa. Ndipo mzee mmoja mwembamba akapata akili. Akamwuliza baba yake Onchiri, "Wewe si wa ukoo wangu?" "Si wa ukoo wako." "Basi kijana wako si mtoto wangu. Mimi naingia kwake, wewe ingia kwa wangu." Dakika ile ile kilima kikawa soko. "Nani ana kijana wa ukoo mwingine?" "Njoo huku!" "Huyu wako ni mrefu, miguu yangu itabaki nje!" Wakabadilishana wana kama wanavyobadilishana majogoo, wakatumbukia kila mtu katika hema la mtoto wa mwenzake, na Mwalimu akapiga filimbi, akaamuru huko huko waliko wafunge skafu. Onchiri alifungwa na yule mzee mwembamba kwa nguvu za kufunga mzigo wa kuni, sauti yake ikapotea hadi jioni. Hiki ndicho kisa cha mvua ya mawe. Ndicho kilichomchekesha binti wa marehemu hadi akaomba maji.

Mimi sikuona mengi ya hayo. Niliyasikia, na kupitia upenyo wa mlango wangu niliona miguu. Iliruka, ikakimbia, ikatoweka, hadi ikabaki miwili tu katikati ya uwanja mweupe. Mtu akaita kutoka hemani, "Wewe mzee, njoo huku, kuna nafasi, kijana si wa kwenu!"

"Nimekuja kwa huyu," baba akajibu.

Miguu ikaja, wa kushoto ukitupwa nje, ikasimama mbele ya hema langu, ikageuka ikatazama pembeni. Mwalimu akamlilia aingie popote. "Endelea na kazi yako, Mwalimu," baba akamwambia, kwa sauti ya mtu aliyekaa kivulini.

Kisha mikono miwili ikaingia mlangoni, ikaishia viwikoni. Ilikuwa imelowa, mawe yanayeyuka katikati ya vidole.

"Omomura, lete shingo."

Nikatoa skafu mfukoni nikampa. Nikasogea kwa magoti, nikainamisha shingo. Mikono haikuona, ikanitafuta. Ilipita begani, ikapita sikioni, ikafika kichwani, ikatulia hapo kidogo.

"Hiki bado hakijapungua," akasema nje.

Nilicheka, nikaogopa kwamba nimelia. Akafunga skafu polepole, kama mtu asiye na haraka ya mvua kukatika. Alipomaliza alitoa mikono, lakini miguu haikuondoka. Mawe yalipiga turubai, nami nikapeleka sikio karibu kabisa na kitambaa, kwa sababu baba alikuwa anazungumza. Alikuwa amenipa ubavu, anazungumza na kilima.

"Mimi nilipohamia saiga, kaka zangu wote walikuwa wameoa."

Nilichelea akikumbuka kwamba niko pale ataacha.

"Nilikuwa nalala peke yangu. Siku za kwanza sikulala. Halafu nikaenda nikachukua ndama."

"Ndama, Tata?"

"Ndama ana joto. Na anapumua. Ukishtuka unasikia kuna mwenzako anapumua."

"Babu alisema nini?"

"Babu yako alikuwa mtu wa heshima sana," baba akasema. "Hakuona." Akakung'uta mawe kofiani. "Yule mwekundu wetu, aliyezaliwa juma lile Mosoti alipoondoka, si msumbufu. Anakula kidogo. Mlango wa banda la ndama sijautengeneza, unafunguka tu ukiusukuma."

Nilimwomba Mungu mvua ile inyeshe mwaka mzima. Mungu alikuwa na mipango mingine. Mawe yakawa matone, matone yakawa ukungu, na mahema yakaanza kutapika wazee wanaocheka. Nilipotoka, baba alikuwa amekwisha rudi kati yao, maji yanachuruzika kwenye ukingo wa kofia ya kanisani, anapokea kikombe cha chai.

"Omomura, hujambo?"

"Sijambo, Tata."

"Vema."

Jioni niliyorudi nyumbani nilikwenda kwenye banda, nikasukuma mlango, ukafunguka. Ndama alikuwa mwekundu na mwenye mvi mbili kwenye paji, kama mzee. Baba alikuwa amempa jina la Kericho, na mimi, mtu mwenye akili nyingi kama nilivyo, sikuwa nimejiuliza kwa nini. Nikamwongoza hadi saiga, nikamtandikia majani karibu na kitanda kilichovunjika mguu. Alilamba ukuta, akalamba blanketi, akalamba kisigino changu, akakunja miguu, akalala. Alipumua kweli. Nilimsikiliza hadi usingizi ukanichukua ghafla, mimi ambaye tangu nihamie pale nilikuwa nikiungoja kama mtu anayengoja karani.

Nikachelewa kuamka. Jua limeingia kwenye nyufa, na nje nikasikia baba anafungua zizi, akiwaita ng'ombe watoke mmoja mmoja kwa majina, kama alivyofanya kila siku ya maisha yake. Nikajua nimekwisha. Nikaketi kitandani nikimshika ndama mdomo kwa mikono miwili. Baba akaita madume, akaita wale wakubwa wenye maziwa, akaita mitamba, sauti yake ikisogea upande wa banda.

"Kericho!" akaita.

Ndama akajinasua, akaitika kwa nguvu zake zote kutoka ndani ya saiga yangu.

Nikasikia hatua za baba zikisimama uwanjani. Kisha baba akaita jina lililofuata.